Ziwa Linapofunikwa

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa vikundi vya wavuvi na vya kina mama wachuuzi wa samaki kando ya Ziwa Victoria. Tumeyaandika hapa kwa kuwa vikundi ambavyo havikufika siku hiyo viliomba.)

 

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukifunga mkutano, kijana mmoja wa hapa alitutolea picha kwenye simu yake. Mzungu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya ziwa, hana boti wala mtumbwi. Mbele yake kuna tundu dogo, na uzi umeingia ndani. Kijana akauliza, "Huyu mtu anavua nini, na mbona hazami?" Wengi mlicheka. Mama mmoja akasema hiyo ni sinema tu. Sisi siku hiyo hatukuwa na jibu la maana, tukaahidi kutafuta. Basi tumetafuta. Tumesoma, na tumemuuliza padre mmoja mzee aliyekaa miaka mingi kule Manitoba, nchi ya Canada, kati ya wavuvi wa Ziwa Winnipeg.

Tuseme ukweli tangu mwanzo, hatukuja kuwachekesha tu. Mnajua lililotokea ufuo wa jirani mwaka jana, na tutalifikia. Lakini kwanza twende huko kwenye baridi.

Kwetu barafu ya asili iko juu ya Mlima Kenya, na hata hiyo inaisha. Barafu nyingine tunayoijua ni ile inayoletwa na lori kufunikia mbuta. Kule Manitoba ni kinyume. Kuanzia Novemba hivi baridi inaingia, mpaka inafika nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Ziwa lote hufunikwa, na hukaa hivyo mpaka Aprili au Mei. Ziwa lenyewe si dimbwi. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 24,500 hivi, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya Victoria yote, pande za Uganda na Tanzania zikiwemo. Hebu fikiria maji yote hayo yamekuwa uwanja wa kutembea.

Sasa swali la yule kijana lina swali lingine ndani yake: je, samaki wenyewe hawagandi? Mama yeyote anayeuza soda anaweza kujibu. Ukitia kipande cha barafu ndani ya gilasi ya maji, kinaelea, hakizami. Maji yana tabia ya ajabu. Yakipoa huwa mazito na kushuka chini, lakini yakifika nyuzi 4 hivi za joto, hapo ndipo mwisho wa uzito wao. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena na kubaki juu. Kwa hiyo ziwa hugandia juu, chini kunabaki maji, na samaki anaishi humo. Anakula kidogo, anaogelea polepole, kama mtu aliyejifunika blanketi asubuhi ya Julai kule Limuru. Tungekuwa na maji yanayogandia chini kwanza, maziwa ya nchi zile yasingekuwa na samaki hata mmoja.

Barafu basi ni blanketi. Na kuna samaki wanaoitaka sana. Katika yale Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kuna samaki mweupe ambaye hutaga mayai majira ya vuli, juu ya mawe, mahali pasipo na kina kirefu. Mayai hukaa pale miezi yote ya baridi. Barafu ikifunika vizuri, mawimbi ya dhoruba hayayafikii. Mwaka ambao barafu haikuja, mawimbi huyasukuma na kuyaponda. Mvuvi hataona hasara hiyo mwaka ule. Ataiona baada ya miaka kadhaa, samaki wanapopungua, wala hatakumbuka sababu.

Lakini blanketi hilohilo linaweza kuua. Theluji, ile laini inayoanguka kama unga, ikirundikana juu ya barafu, mwanga haupiti. Mimea ya chini ya maji inaacha kutoa oksijeni, na ile iliyooza inaimaliza iliyobaki. Katika maziwa madogo yasiyo na kina, samaki hufa wengi. Watu wanakuja kuwaona barafu inapoyeyuka, wameelea matumbo juu.

Hapo tunaona baadhi yenu mnatikisa vichwa, na tunajua kwa nini. Sisi pia tuna kifuniko chetu: magugu maji. Miaka ya tisini mwishoni yaliziba ghuba ya Kisumu mpaka meli na boti zikashindwa kutoka. Yanazuia mwanga, chini yake oksijeni inapungua, na upepo ukigeuka yanawafungia wavuvi katikati ya ziwa. Tena mnakumbuka Novemba 2022, wenzetu wafugao samaki kwenye vizimba upande wa Kisumu walipoamka wakakuta samaki wamekufa kwa wingi. Wataalamu walisema oksijeni majini ilipungua mno. Kumbe ugonjwa ni ule mmoja, kwao kwenye baridi na kwetu kwenye joto.

Haya, sasa uvuvi wenyewe. Yule wa kwenye picha anavua kwa burudani, au kitoweo cha nyumbani. Wavuvi wa kazi hawavui kwa uzi. Wanatega nyavu chini ya barafu. Mzee mmoja hapa ametuuliza kabla ya mkutano, ati wavu unapitaje chini ya sakafu? Ni swali zuri, na jibu lake lilitufurahisha sana sisi wenyewe.

Wanatoboa tundu la kwanza. Wanaingiza ubao mrefu, kama ubao wa benchi, wenye kamba nyuma na mkono katikati. Ubao unaelea, unagusa barafu kwa chini. Ukivuta kamba, ule mkono unauma barafu na kuusukuma ubao mbele. Ukilegeza, unarudi. Ukivuta tena, unasogea tena. Hivyo unatambaa gizani kama kobe, na kamba inaufuata. Mtu wa pili anatembea juu, anasikiliza. Padre alituambia kwamba ubao ule unagonga, ko, ko, ko, na mvuvi anaufuata kwa masikio. Ukifika mwisho wa urefu wa wavu, yule wa pili anatoboa tundu lake, anaikamata kamba, na wavu unavutwa kutoka tundu hadi tundu. Si mashine ya kiwanda. Ni mbao, kamba na akili, na ni kazi ya watu wawili au watatu wanaosikilizana. Fundi wetu wa boti aliyeko hapa angeweza kuutengeneza kwa siku moja.

Watu wa Iceland waliohamia kando ya ziwa lile mwaka 1875 walikuwa wavuvi tangu kwao. Lakini walizoea bahari. Majira ya baridi ya kwanza yaliwasumbua mno, na wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa wakivua hapo tangu zamani, ndio waliowaonyesha kuvua chini ya barafu. Tunalitaja hili kwa ajili ya maofisa wanaokuja kwenu na vitabu. Pamoja na sisi.

Baadaye vyombo viliongezeka. Toka miaka ya thelathini na arobaini kuna gari lililobuniwa na Mkanada aitwaye Joseph-Armand Bombardier, lenye minyororo ya kukanyagia nyuma na miguu ya kuteleza mbele. Yale ya zamani hata leo mengine yanabeba samaki kwenye Ziwa Winnipeg. Na kuna jambo la kuwachekesha kina mama. Nyinyi mnanunua barafu ili samaki asioze kabla ya soko. Wao, samaki akitolewa tunduni, baridi inamgandisha papo hapo, na aliyeganda bei yake huwa chini ya yule mbichi. Kwa hiyo wanahangaika kumfunika apate joto! Kila ziwa na mzigo wake.

Kuhusu soko hatutakaa sana, ingawa mngependa. Mwaka 1969 serikali ya Canada iliunda shirika moja la kununua na kuuza samaki wa maziwa yale, ili mvuvi asinyanyaswe na mchuuzi mmoja mmoja. Wapo waliolipenda, wapo waliolalamikia bei. Mwaka 2017 jimbo la Manitoba lilijitoa, wavuvi wakaruhusiwa kuuza kwingine. Siku ya kuzungumzia ushirika wa samaki tutarudi hapo.

Sasa tufikie jambo lenyewe.

Kwa wavuvi wale, mwaka una vipindi viwili vya kazi, cha boti na cha barafu. Na kati ya hivyo kuna majuma ambayo si hiki wala kile. Barafu ni nene mno kwa boti, tena ni nyembamba mno kwa mguu. Hapo mvuvi anakaa nyumbani. Unga unapungua, deni la petroli liko palepale, watoto wanatazama. Mnalijua jambo hilo. Kwetu omena hufungwa Aprili hadi Julai, na zipo zile siku za upepo ambapo ziwa linanguruma na hakuna wa kuingia. Hatari kubwa ya kule haiko katikati ya baridi kali. Iko katika majuma hayo ya kungoja, mtu anapochoka kungoja.

Wana vipimo vyao. Barafu mpya iliyo safi, unayoweza kuona ndani yake, ikiwa na unene wa sentimita 10, upana wa kiganja cha mtu mzima, inambeba mtu anayetembea. Ya gari dogo inatakiwa ikaribie rula ya mwanafunzi, sentimita 25 mpaka 30. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni nusu, kwa hiyo unene uwe mara mbili. Tena barafu hailingani. Penye mkondo wa mto, karibu na matete, penye nyufa, huwa nyembamba hata kama hatua kumi kutoka hapo ni nene. Kwa hiyo anayetangulia anabeba mtaimbo na kupiga mbele yake kila hatua chache. Ukitoboka kwa pigo moja, wanarudi. Na shingoni wengi huvaa misumari miwili yenye vishikio vya mbao, ili akizama aichomeke kwenye barafu na kujivuta nje. Akitoka hasimami, anajiviringisha kama gogo mpaka afike palipo imara.

Kwa sababu maji yale hayasubiri. Wanafundishana hivi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza pumzi inapaa, usipoituliza unameza maji. Dakika 10 ndizo mikono itakuwa na nguvu ya kufanya jambo lolote. Baada ya hapo, hata ukishikilia kitu, katika saa 1 hivi baridi inakupokonya fahamu. Maji yetu yana joto, hayauwi namna hiyo. Lakini jaketi la kuokolea bei yake si kubwa kuliko ya wavu, na tukihesabu hapa mbele tunaona boti ngapi na majaketi mangapi? Hatuulizi ili mjibu.

Tarehe 7 Februari 2009, kwenye Ziwa Erie upande wa Ohio, Marekani, watu walifika asubuhi wakakuta ufa kati ya nchi kavu na barafu. Waliuona kwa macho. Hawakurudi. Wakalaza mbao za kubebea mizigo juu ya ufa kama daraja, wakavuka, wakaenda mbali kuvua. Joto lilikuwa limepanda siku hizo, na upepo wa kusini ukavuma ukitoka nchi kavu. Barafu yote ikasogea kwenda katikati ya ziwa, daraja likaanguka majini, nao wako juu yake. Helikopta na boti ziliwatoa zaidi ya watu 100. Mmoja alikufa.

Si kwamba hawakujua. Waliona ufa, wakaujengea daraja. Ndiyo sababu tumewaletea habari hii kutoka mbali hivyo.

Mwaka jana, ufuo tusioutaja, mzee mmoja aliangalia mawingu upande wa magharibi akasema leo haingiwi. Mwenye boti, ambaye naye hatumtaji, alisema atakayebaki asije kesho kuomba kazi. Vijana wawili waliingia. Mmoja alikuwa na karo ya mdogo wake wa kulipa Jumatatu, na hilo tulilijua baadaye kwa mama yake, maana sisi ndio tuliokwenda kukaa naye. Boti ilipatikana jioni ileile. Wao walipatikana siku ya tatu.

Yule mzee alikuwa amesema. Lakini neno lake lilikuwa bure, kwa sababu halikuwa na kitu cha kumlisha aliyebaki nchi kavu.

Na hali inazidi kuwa ngumu kukisia. Huko Japani kuna ziwa liitwalo Suwa, ambako makuhani wa dini yao ya jadi wameandika tangu mwaka 1443 ni lini ziwa liliganda. Hebu fikirieni daftari hilo! Zamani liliganda karibu kila mwaka, siku hizi miaka mingi inapita bila. Na mnaikumbuka El Nino ya 1997 na 1998, mvua ile iliyobeba madaraja yetu? Joto lile la bahari ya Pasifiki lililotuletea mafuriko ndilo lililowaletea watu wa Manitoba baridi hafifu. Kule barabara za vijiji vya mbali hupita juu ya maziwa na mito iliyoganda. Mwaka ule hazikubeba malori, ikabidi chakula na mafuta vipelekwe kwa ndege. Ikarudi tena mwishoni mwa 2023. Sisi tukafurika Oktoba hadi Desemba. Wao, katikati ya Februari 2024, yale Maziwa Makuu, ambayo kwa kawaida nusu yake hufunikwa baridi inapofika kilele, hayakufikisha hata sehemu 5 kwa 100. Na tarehe 29 Desemba 2023, kwenye Ziwa Upper Red, Minnesota, zaidi ya watu 100 waliokolewa juu ya kipande cha barafu kilichokatika. Mwezi mmoja wa mvua kwetu na wa barafu mbovu kwao, chanzo kimoja.

Mzee aliyezoea kusoma ziwa kwa miaka 40 anaweza kukosea miaka hii, na hilo si aibu yake. Tumesikia vijana wakiwadharau wazee kwa sababu hiyo. Kule Ziwa Winnipeg hawajatupa mtaimbo kwa kuwa wana redio. Wanasikiliza redio, kisha wanapiga mtaimbo. Idara yetu ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Mmoja wenu awe na kazi ya kuusikiliza na kuwasomea wengine ufuoni, kisha mzee aangalie mawingu. Wawili hao wakitofautiana, boti zibaki.

Tulipofika hapo ndipo mabishano yalipoanza, na tunayaandika jinsi yalivyokuwa. Tulipendekeza kila kikundi kiwe na sanduku la siku za upepo, mbali na mchango wa zamu. Kila boti inayouza vizuri iweke kidogo, na siku ambayo kamati ya ufuo imesema haingiwi, kila mvuvi wa kibarua apate cha unga. Kina mama waliunga mkono mara moja, wakasema wao pia wataweka, kwa maana boti ikizama karai halijai. Mwenye boti mmoja aliuliza kwa nini yeye achangie watu walale. Mama wa yule kijana alikuwa ameketi upande wa kushoto, akamtazama bila kusema neno. Alikaa.

Kijana mwingine akasema watu watadanganya, watasema kuna upepo ili wapewe unga. Hilo ni kweli, linaweza kutokea, na hatukuwa na dawa yake siku hiyo. Mzee mmoja alisema atakayetangaza siku ya kubaki asiwe mtu wa kupokea kutoka sanduku. Wengi walipiga makofi, ila hawakukubaliana ni nani basi awe. Kiasi cha kuweka pia hakikupatikana. Wengine walitaja shilingi 50 kwa kila boti, wengine wakataka kihesabiwe kwa karai.

Tutakutana tena hapo hapo, Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, boti zikisharudi. Katibu wa kila kikundi aje na daftari lililoandikwa siku ambazo hakuna aliyeingia ziwani toka Januari, ili tujue sanduku linatakiwa kubeba siku ngapi. Na yule kijana mwenye picha, aje na simu yake ikiwa na moto. Wazee wamesema wanataka kumwona Mzungu wa ndoo kwa mara ya pili, sasa kwa kuwa wanajua anakanyaga nini.